Kadi Nyekundu Chini ya Bakuli la Jibini

Jumamosi, 11 Januari

Theluji imefika dirishani. Kirby Haas ananinyang'anya wachezaji! Kila Alhamisi, dukani kwake ng'ambo ya mto, anasimulia mambo ya kutisha hata watu wanasahau kwenda chooni. Jumamosi iliyopita mchezaji wangu Dale alimsifu mbele yangu, huku anatafuna soseji zangu.

Nikibaki na meza tupu nitafanya nini na Jumamosi zangu? Miaka yote hii nimeendesha mchezo katika chumba cha chini cha nyumba yangu. Mimi nasema joka limetokea, wao wanasema mashujaa wao wanafanya nini, dadu zinaamua nani afe.

Lakini leo nina dawa yake. Tangu vuli nimemwacha shujaa wa mke wangu Lorna, yule mpiga upinde, apendane na Mwanamfalme Aldrek. Leo, siku ya harusi yao, mbele ya kasisi, ajuza mmoja atafichua kwamba hao ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Watapiga yowe! Kirby hana kitu kama hicho.

Tatizo ni kadi nyekundu. Aliileta Gretchen, mchezaji wangu mwingine. Inakaa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, tukio linaachwa hapohapo, tunaruka mbele, na ni mwiko kumuuliza kwa nini. Sasa mtu akiigusa ajuza akiwa ndiyo kwanza amefungua mdomo? Nimeificha chini ya bakuli la jibini ya kukaanga.

Jumapili, 12 Januari

Balaa.

Ajuza alisema. Dale akaguna. Lorna hakupiga yowe. Uso ulimbadilika, mkono wake ukapapasa meza, ukapapasa tena. Nilijua unatafuta nini. Nikaogopa, na nikiogopa huwa nasimulia kwa sauti kubwa zaidi. Nikamfanya Aldrek aseme harusi iendelee! Lorna akasimama, akapanda ngazi. Tukasikia maji ya sinki. Gretchen akainua bakuli.

"Kadi hii si ya kukulinda wewe, Vernon," akasema. "Ni ya kutulinda sisi dhidi yako."

Dhidi yangu mimi! Mtu ninayeogopa hata popo wa dari! Wakaondoka bila kugusa keki.

Jumanne, 14 Januari

Lorna haongei. Hajanuna, chumvi ananipitishia. Ila haongei. Gretchen na Dale hawapokei simu.

Nilimuuliza Lorna ni nini hasa kilichomkera. Akasema hilo haliulizwi. Nikamkumbusha kwamba kadi hakuigusa, kwa hiyo kisheria naruhusiwa kuuliza. Aliniangalia hata nikaweka uma chini. Sijawahi kuogopa mtu aliyevaa aproni kiasi hicho.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa Kirby kupeleleza. Nilivaa kofia na skafu hadi machoni. Wote wakanisalimia kwa jina. Dale alikuwepo, msaliti! Kirby akanivutia kiti, akaniambia karibu mzee, tulikuwa tunakungoja. Namchukia.

Kisa chenyewe: malkia amemfungia mumewe ghalani, chini ya nyumba. Hampigi, hamtukani. Anamletea supu, anatabasamu, hasemi neno. Mume anasikiliza nyayo zake juu ya dari. Na nani apewe kumwigiza mume? Mimi! Jasho likanitoka chini ya skafu. Kirby akaeleza mlango unavyofunguka, malkia anavyoshuka na bakuli, akauliza nafanya nini. Mkono wangu ukatoka wenyewe. Ukaigusa kadi nyekundu; kumbe na Kirby anayo mezani.

"Sawa," akasema Kirby. "Kumekucha, mko barabarani, jua linawaka."

Basi. Hakuna aliyenitazama. Dale alinisogezea chipsi. Nusura nilie.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemwomba Lorna radhi jikoni. Nikamwambia niliigusa kadi ya Kirby. Hakuuliza kwa nini.

"Basi sasa unajua," akasema. Akakausha sahani moja polepole. "Kesho nitashuka. Ukiificha tena, Vernon, sitaondoka mezani tu. Nitaondoka humu ndani."

Nikaapa. Akawapigia Gretchen na Dale yeye mwenyewe, wakakubali kuja mara moja tu, waone.

Jumamosi, 18 Januari

Nimebadilika kabisa. Kadi iko wazi mezani. Nimeigandisha kwa gundi ya mbao, isipotee tena. Nimeigandisha upande wangu, karibu na kiwiko, maana imethibitika kwamba mwenye moyo mwepesi humu ni mimi. Lorna akijinyoosha sana ataifikia. Nadhani.

Na yale ya kaka na dada nimeyafuta. Leo ajuza ataungama kwamba alikosea. Aldrek si kaka wa yule mpiga upinde hata kidogo. Ni mjomba wake tu.

Jibini imeiva. Nasikia viatu vya Lorna ngazini.