Amri Moja Badala ya Tatu

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Toleo jipya la lugha tunayoandikia programu limefika hapa ofisi ya kilimo ya mkoa kutoka Dar. Disketi tano. Nimezipokea mimi, si Thobias! Sasa amri moja ya kupanga inaweza kupanga majina, namba na tarehe. Maktaba yetu, yaani zile amri za pamoja ambazo programu za wilaya zote huziazima, ina amri tatu kwa kazi hiyo hiyo. Aibu tupu. Mzee Methusela, mkuu wetu, anastaafu Januari. Atakayeisafisha maktaba ndiye atakayekalia kiti chake. Thobias, wa meza ya pili, anashauri tungoje hadi wilaya nazo zipate toleo hilo. Mwoga huyo.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemaliza. Amri tatu nimezitupa, imebaki moja. Nzuri mno, nimeisoma mara nne. Disketi za wilaya zilikuwa hapa kwa ukaguzi, nimeandika maktaba mpya juu ya ile ya zamani. Zote. Thobias akauliza kama nimebakiza nakala. Nikamwambia aliyehamia nyumba ya bati habebi udongo wa tembe. Akarudi mezani kwake. Nimemkomesha!

Ijumaa, 22 Novemba

Anjelina, bibi shamba wa Bahi, amekuja na lori kuchukua mbegu za mtama. Siku hizi ghala halitoi hata debe bila orodha ya kaya iliyochapwa na kompyuta. Orodha yake haichapiki. Programu ya wilaya yake inaziita zile amri tatu, nazo hazipo. Mzee Methusela kaniagiza nizirudishe. Nirudi nyuma, mimi? Nimemwahidi nitaiandika upya programu yenyewe kwa mtindo mpya. Siku mbili tu. Anjelina hakugomba.

"Kaka Zablon, watu wangu wamekwisha kulima," alisema. "Niwaambie wangoje nini?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua tangu jana, kubwa. Siku mbili zimekwisha, programu bado inagoma kwenye mstari wa kumi na tisa. Kumbe Thobias alikuwa na amri za zamani zimechapwa kwenye karatasi! Kazinakili herufi kwa herufi, saa sita mchana orodha ikatoka. Lori likaondoka saa saba. Anjelina hakunitazama. Roho imeniuma, sifichi.

Alhamisi, 28 Novemba

Lori lilikwama kwenye tope siku mbili. Anjelina amepiga simu: kaya sitini za kando ya mbuga zilishindwa kungoja, zimepanda mtama waliouweka wa kula. Mzee Methusela alitusomea taarifa hiyo polepole, mpaka mwisho. Maktaba kampa Thobias. Mimi nimehamishiwa masjala.

Nimewawaza watu wale asubuhi nzima. Watakula nini Februari? Kosa nimeliona: sikubadilisha vya kutosha.

Bibi Joha wa masjala ana disketi nane za orodha ya mafaili, zote mtindo wa zamani. Nimemwomba anikabidhi. Amenishukuru sana, mama wa watu. Nimeshafuta mbili.