Kila Ukoo na Kitambaa Chake

Jumatano, 30 Novemba 1966
Mkosi. Msafara wa malori umefika kutoka Nairobi na robota langu. Niliagiza vikoi vyepesi vya Idd. Nimeletewa sufu nzito, nyekundu, yenye mistari ya kijani inayokatana. Sufu, Garissa! Huku hata mbuzi wanagombania kivuli. Kurudisha haiwezekani, barabara ni ya wanajeshi wanaosaka shifta, wale waasi wanaotaka kujitenga. Noordin, fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, kaniuliza kama nimeanza kuuza mablanketi. La kuvunda halina ubani, kasema. Nikalifunga robota. Mke wangu Shamis kauliza tutakula nini Ramadhani. Nikalifungua tena.

Alasiri mambo yamegeuka. Bwana Dankani, yule Mskoti daktari wa mifugo aliyebaki baada ya Wazungu wenzake kuondoka, kapita dukani amevaa sketi. Sketi ya marinda, magoti nje, soksi ndefu. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Kasema leo ni sikukuu ya kwao. Alipoiona sufu yangu machozi yakamlengalenga. Kumbe kwao kila ukoo una kitambaa chake. Zamani serikali ilipigana na watu wake ikalipiga marufuku vazi lile. Leo wanalipenda kuliko mavazi yote. Arusini, mpirani, mazikoni. Hata asiye na ukoo hujitafutia mmoja, mradi apate kulivaa.

Nikamwuliza nasaba yake. Akataja babu watatu, akakwama. Watatu tu! Huku mtoto anayechunga ndama anataja babu zake mpaka ndama wanapotea. Sasa kama watu wa babu watatu wanakipenda kitambaa hivyo, sisi je? Nimeshapata dawa ya robota.

Jumamosi, 3 Desemba
Tatizo dogo: koo ni nyingi, robota ni moja. Nimelitatua. Ukoo wetu, mistari minene itasimama. Ukoo wa kina Shamis, italala. Nikatundika vyote viwili mlangoni, nikawaeleza wapita njia habari za Waskoti.

Bi Sharifo, muuza maziwa ya ngamia, akakishika kile cha kulala, akakigeuza. Sasa kimesimama, kasema. Akakigeuza tena. Akataka kujua: mtu akijinyoosha kitandani, ndiyo amehamia ukoo wa shemeji zake? Watu walicheka. Noordin alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha watu wa jamaa ndogo ya ukoo wetu wakadai kitambaa chao wenyewe, wasichanganywe na sisi. Nikawaonyesha upande wa nyuma. Wakaondoka wamenuna. Sijauza hata kipande.

Jumatatu, 5 Desemba
Biashara matangazo. Nimemvika Awil, mdogo wake Shamis. Kijana mrefu, anapendeza hata akivaa gunia. Ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwao. Baba amefariki, ngamia walichukuliwa na wanajeshi katika msako, na mama yuko katika kijiji cha serikali, kile kilichozungushiwa seng'enge. Asipoteka Awil maji mtoni, mama hanywi.

Shamis hakutaka. Kasema siku hizi mwenye akili havai kitu cha kukumbukwa. Nikamwambia matangazo ndiyo hayo hasa, kukumbukwa. Awil kasema inawasha. Lakini ni mpole, hajui kukataa. Nikawavika na rafiki zake, bure. Wameshika njia ya mtoni wote wamefanana, sufu inapepea viunoni. Niliwatazama mpaka wakapinda kona. Nilijivuna sana.

Jumanne, 6 Desemba
Wamekamatwa. Doria iliwakuta mtoni, ikaona kitambaa kimoja kwa wote, ikasema hiyo ni sare ya shifta. Wako katika kambi ya jeshi tangu jana. Sisi tumeambiwa leo, na Bi Sharifo. Alisema huku anatazama chini, na leo hakuwa na mzaha.

Shamis amekaa sakafuni kando ya cherehani. Mama mkwe alifika kwenye seng'enge akitaka kutoka, wakamrudisha. Wapo walioingia kambi ile na hawajaonekana tena. Naogopa. Noordin amefunga duka lake, amekuja kukaa nasi. Hakunicheka. Hilo limenitisha kuliko yote.

Jumatano, 7 Desemba
Nimekwenda kwa Bwana Dankani kumsihi avae sketi. Akasema ile ni ya sikukuu. Nikamwambia kambini mna kijana wa watu. Akaingia kuvaa.

Askari wa langoni hawakujua wacheke au wapige saluti. Tukapitishwa kwa ofisa. Bwana Dankani akamweleza kwamba kitambaa ni cha Waskoti, cha maarusi na wapenda mpira, hata bibi kizee kwao anacho. Ofisa akauliza, basi hawa vijana wa Garissa wanakivalia nini? Bwana Dankani akanitazama. Ofisa naye akanitazama. Nikasema ni robota lililokosewa. Nikaeleza yote, ya kusimama na ya kulala. Ofisa alicheka mpaka akavua kofia. Kaamuru watolewe, na sufu yote ichomwe.

Awil alitoka wa mwisho, anashika ukuta. Jeraha limempasua toka kwenye nywele mpaka juu ya sikio. Sikio lenyewe halisikii tena. Bi Sharifo, aliyekuwa akingoja langoni, akamfunika shuka yake. Nikamwomba radhi. Kumbe nilisimama upande wa sikio bovu. Sikurudia.

Jumapili, 11 Desemba
Wanajeshi wamechoma sufu mbele ya duka. Mtaa unanuka kondoo. Bwana Dankani alikuja, leo na suruali, akatazama moto, akaondoka bila kuniaga. Shamis amehamia kwa mama yake, ndani ya seng'enge, kumwuguza Awil. Kasema atarudi siku nitakayoacha kufikiri. Watu wote wananunua vikoi vyeupe kwa Noordin. Vyeupe, vya kila mtu, maana hakuna anayetaka kujulikana ni wa nani. Nimekaa peke yangu kutwa nzima. Nimelia.

Jumanne, 13 Desemba
Magharibi watu watatoka kuutazama mwezi. Ramadhani imefika na nyumba haina mtu. Nikachukua ufagio nifagie, nikakuta chini ya cherehani vipande vya sufu vilivyonusurika. Vidogo, havizunguki kiuno. Nikaketi navyo mapajani, nikimfikiria Awil kwa uchungu mwingi.

Hapo nikaelewa. Kosa halikuwa ukoo. Kosa lilikuwa kiuno. Shuka inaonekana toka ng'ambo ya mto. Kofia je? Kofia ni kitu kidogo, cha heshima, mwanajeshi hawezi kukasirikia kofia. Kila ukoo na kofia yake. Sisi mistari ya kusimama, wao ya kulala. Na kichwa ni duara, Bi Sharifo ageuze anavyotaka.

Ya kwanza nimeshaikata. Ni ya Awil. Itamfunika lile jeraha.