Mawingu Kwenye Ukurasa wa Martina

Jumatatu, 12 Oktoba 2009

Siku njema. Ukungu umelala juu ya Mto wa Lulu tangu asubuhi. Majengo ya ng'ambo yanaonekana kama mtu aliyaanza akaahirisha. Nimekaa dirishani na chai, nikitabasamu peke yangu.

Mpango umekubaliwa! Martina amenipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Martina wa Moshi, mjane, mfanyabiashara wa nguo, sauti ya alto kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Ananunua vitambaa hapa Guangzhou, anashonesha mtaa wa Kangle, anasafirisha nyumbani. Lakini siku hizi polisi wanakagua pasipoti za Waafrika kila kona, na ya Martina iko kwa wakala, inaongezewa viza. Hatoki ndani.

Nikamwambia: dada Martina, usitoke. Wateja watazame majoho yako ya kwaya kwenye kompyuta, waagize hukohuko, na oda iende yenyewe kwa laobani, yule bosi wa kiwanda. Wewe pumzika.

Akauliza kama nimewahi kutengeneza tovuti. Nikasema nyingi. (Moja. Yangu. Haifunguki.)

Nimepata plagini ya kupanga ukurasa, kiprogramu unachokichomeka kwenye tovuti. Unakamata picha, unaiburuta, unaiachia, inakaa. Raha tupu.

Gitau akanishauri niishie hapohapo, nisiongeze kitu kingine. Gitau ni Mkenya, anasoma kompyuta kwa skolashipu. Wivu! Juzi alimbebea Martina gunia la mchele hadi ghorofa ya juu kabisa. Hakuna anayebeba mchele bure.

Jumanne, 13 Oktoba

Ukurasa umesimama. Safu tatu: watu wazima, watoto, watoto wachanga wa ubatizo. Mzuri, ila mkavu. Nikaongeza plagini ya pili. Mawingu! Meupe, yanapita polepole nyuma ya majoho, yanatoka kushoto na kupotelea kulia. Nikayatazama mpaka chai ikaingia nzi. Nikaona ofisi Pazhou, karibu na kumbi za maonesho, ghorofa iliyo juu ya mvua. Martina kiti cha pili. Ananiita Jovi.

Nilipozinduka, picha zilikuwa zimehama.

Safu ya tatu imeshuka chini ya ya kwanza. Joho la waimbaji wa besi limekaa juu ya maneno "miezi sita hadi tisa". Nikalirudisha. Likahama tena. Nikafuta kumbukumbu ya kivinjari. Likahama. Nikafungua kivinjari kingine: humo majoho yote yamerundikana kama nguo kwenye beseni.

Nikampigia Gitau, kijanja, nikasema kuna rafiki yangu ana tatizo hili na hili. Akasema rafiki yangu azime plagini zote, kisha awashe moja moja. Itakayovuruga mambo ikiwashwa, mchawi ndiye huyo. Kisha akaniomba nimsalimie sana rafiki yangu. Ana maana gani?

Nimezima zote, nikaziwasha moja moja. Isipokuwa mawingu. Mawingu hayana neno na mtu.

Jumatano, 14 Oktoba

Oda ya kwanza! Mwalimu Thomas wa Mwanza ameagiza majoho ya kwaya nzima, ya Krismasi. Oda imekwenda kwa laobani yenyewe, kama nilivyopanga. Martina alicheka kwenye simu. Nimekitunza kicheko hicho.

Saa moja haikupita, Mwalimu Thomas akampigia Martina. Kwa nini waimbaji wake wa besi wameandikiwa saizi ya miezi sita? Wengine wana wajukuu. Martina akaniuliza mimi. Nikasema ni mtandao wa Mwanza. Akasema basi nirekebishe leo, maana laobani ana haraka ya mkasi.

Nilikuwa narekebisha hasa pale mlango wa chini ulipogongwa. Mapigo mazito, sauti ya Kichina. Polisi! Viza yangu ni ya kusoma lugha, na darasa sijaliona tangu Machi. Nikakwapua kompyuta, nikakimbilia paani.

Huko juu majirani wameanika mashuka. Upepo unayajaza, yanavimba, yanatulia, yanavimba. Nikalala chali katikati yao. Mbingu nyeupe, mashuka meupe, na mimi nikielea. Nikaona nyumbani Bukoba, mama akitandaza kahawa juani, ila kahawa ilikuwa majoho, na kila joho lilikuwa linaimba.

Niliposhuka mlinzi akaniambia aliyegonga alikuwa mtu wa gesi, kaja kusoma mita.

Simu nilikuwa nimeiacha mezani. Martina alipiga. Akapiga tena. Nitamtafuta kesho, nikiwa na habari njema.

Alhamisi, 15 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa sababu sina la kufanya na mikono.

Martina alimpigia laobani asikate. Kila alilomwambia, laobani akajibu "meiyou wenti", hakuna tatizo, huku mkasi unasikika nyuma yake. Basi Martina akatoka. Mwenyewe, kwa miguu, na nakala ya pasipoti mkobani. Akafika Kangle, akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, mkasi ukasimama. Wakati wa kurudi, kwenye mdomo wa kichochoro, polisi. Nakala haitoshi, wakasema. Wakampeleka kituoni.

Alinipigia mimi kwanza. Mimi!

"Jovitus, nimekamatwa." Sauti ndogo, si ile ya alto. "Nenda kwa wakala, uniletee pasipoti. Wewe unasoma Kichina."

"Nakuja sasa hivi," nikasema.

Nikavaa viatu. Nikakaa kitandani na viatu vyangu. Kituoni wataomba pasipoti yangu pia, watauliza habari za darasa, wataniambia nihesabu kwa Kichina. Nikavua kiatu kimoja. Nikampigia Gitau.

Gitau alitoka maabara akiwa bado na koti jeupe. Akaenda kwa wakala, akaenda kituoni, akazungumza nao kwa Kichina cha kweli.

Mimi nilifika pia. Ng'ambo ya barabara. Nilisimama nyuma ya muuza mabalungi hadi walipotoka. Martina alikuwa ameshika mkono wa lile koti kama mtu anayevuka maji. Hawakuniona. Muuzaji alinikazia macho, nikanunua balungi, nikalila lote nikiwa nimesimama. Chungu mpaka masikioni.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nilikwenda kwa Martina na hotuba. Hitilafu za mitambo. Hali ya hewa. Gitau alikuwepo, kompyuta magotini, anakula ndizi za kupika. Ndizi zangu! Yaani za kwetu sote, ila nilizoea kuziona kwenye sahani yangu.

"Kaa, Jovitus," akasema Martina. Nikakaa. Akasema mambo ya picha hana kinyongo nayo, picha hukosewa. "Ila uliniambia unakuja. Nikawa natazama mlango. Kila aliyeingia nilidhani ni wewe."

Gitau akazima mawingu. Bonyezo moja. Safu tatu zikasimama wima, besi kwa besi, wachanga kwa wachanga. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Manze, plagini mbili zilikuwa zinang'ang'ania nafasi moja," akasema. "Haziwezi kukaa pamoja."

Nilihisi anazungumzia jambo lingine.

Nikasema pole, dada Martina. Niliogopa. Maneno hayo sikuwa nimeyapanga. Akanipakulia. Ndizi chache. Mchuzi zaidi.

Jumapili, 18 Oktoba

Majoho yanashonwa, vipimo vya watu wenye ndevu. Yakikamilika yanakwenda bandari ya Nansha. Ukurasa umekabidhiwa Gitau, na kwenye ibada yeye ndiye aliyemshikia Martina kitabu cha nyimbo. Nimeumia. Mahubiri yalihusu ukweli. Nikaapa palepale, macho nimefumba: tangu leo nasema kweli, na nashika kazi ninayoiweza tu.

Mchana simu ikalia. Laobani! Amesikia kuna Mwafrika anayejua tovuti. Anataka ya kiwanda chake, kwa Kichina kitupu, vitambaa vyote, vifungo vyote. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha sokoni, kama naweza kuandika herufi za Kichina.

Nikatazama nje. Jua lilikuwa linapasua ukungu, kila dirisha la ng'ambo likiwaka kama linaniita mimi. Herufi za Kichina ni michoro tu, na mtu hashindwi na mchoro. Nikamwambia Jumatano iko tayari.

Nimekwisha agiza kadi za biashara. Jovitus, Mkurugenzi. Lugha Zote.