Hapa Tunachaji Pikipiki Zote

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Woi, mashine! Tima ameweka chaja ya pikipiki za stima mbele ya hoteli yake hapa Mwingi, ng'ambo tu ya duka langu la kinyozi. Nyeupe, taa ya kijani, haina kelele. Watu wa boda boda wanachomeka, wanaingia kula mahamri, wanatoka betri imejaa na tumbo limejaa. Akili hiyo! Nilisimama kuitazama mpaka nikasahau sukari niliyotumwa.

Nimemwambia mke wangu Ndila kwamba wakala wa kampuni ya chaja anakuja Ijumaa kuchagua mahali pa chaja ya pili. Itakuwa kwangu! Ndila amesema baada ya biashara ya sungura kuanguka, na ya uyoga pia, hii ndiyo ya mwisho. Ikianguka, naenda Tseikuru kuchunga mbuzi wa baba yake. Mbuzi! Mimi, Kivuva!

Jumanne, 9 Septemba

Kibao cha Tima ni kidogo kama kitambulisho. Changu nimechora mwenyewe, herufi nyekundu: HAPA TUNACHAJI PIKIPIKI ZOTE. Chini yake: HAKUNA KUPITA BILA KUCHAJIWA. Kinavutia kweli.

Jioni. Ajabu. Hakuna pikipiki hata moja imepita upande wangu. Zote zinazungukia nyuma ya msikiti. Tima ananiharibia jina, najua tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Boda boda wote wamenijia wakipiga honi, matawi yamefungwa mbele, mwenyekiti wao Nyamai akiongoza. Akauliza ni nani amenipa ruhusa ya kuwachaji, na kaunti tayari inawachaji kuegesha. Nikasema mimi nachaji stima. Akageukia wenzake, akasema kumbe hata stima tutamlipia ushuru huyu! Ndila alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyeniokoa ni nani? Tima! Alivuka barabara na chupa ya chai, akawaeleza kwamba Kivuva anataka kujaza betri, si kutoza mtu. Wakatulia palepale. Akanishauri niandike "kujaza betri", hilo neno lingine niliache kabisa. Mama mwungwana. Inaniuma sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Wakala amefika. Nikachomeka pikipiki yake kwa waya mmoja na mashine ya kunyoa, aone nguvu ya stima yangu. Paa! Duka lote zii. Na Nyamai yuko kwenye kiti, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Alikuwa amekuja kwa amani, maskini.

Ilibidi nimalizie kichwa chake hotelini kwa Tima. Stima yake haiyumbi hata kidogo. Mashine iliteleza yenyewe! Wakala alikuwa hapo hapo na mahamri mkononi. Chaja ya pili imeenda kwa Tima. Hata mimi ningempa.

Ndila amenipangia nguo kwenye mkoba. Hakucheka safari hii. Ni heri angecheka.

Jumatatu, 15 Septemba. Tseikuru

Mbuzi wananidharau. Lakini baba mkwe ana sola kubwa, na huku hakuna Tima! Pikipiki za stima zitafika tu, zinikute tayari. Nimegundua kosa langu la Mwingi: herufi zilikuwa ndogo. Kibao kipya nimekisimamisha kwenye njia ya kisimani, kikubwa kama mlango: HAPA TUNACHAJI KILA KINACHOPITA.

Jioni. Ajabu. Wafugaji wote wamegeuza ng'ombe, wakazungukia mlimani. Kumbe Tima amepiga simu mpaka huku! Huyo mama ana akili, jamani.