Yah: Kukosekana kwa Wadi Kurdhumi Kwenye Ramani Yenu

Abdulwahab bin Abdullatif,
Mshona Kanzu,
Mji Mkongwe,
Bagamoyo.

Waheshimiwa Watunzaji,
Kanzidata ya Majina ya Mahali pa Arabia ya Kale,
Huko Huko Mtandaoni.

Waheshimiwa Watunzaji,

Assalaam aleikum. Na kwa wale kati yenu ambao salamu hiyo haiwahusu, habari za kazi na poleni na majukumu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nina binti mmoja, Naila, mwenye duka la dawa pale Msata. Naila ameposwa na Abdulnasir, mtoto wa Mzee Msabaha wa Pangani. Kijana mwenyewe sina neno naye. Ana adabu, anaswali, na siku ya kwanza alipofika kwangu alitoa shikamoo kabla hajavua viatu. Ugomvi wangu ni na ninyi, na nitaueleza kwa utulivu ingawa sina utulivu.

Kwetu, siku ya kuleta posa, watu wakishakula na kunawa, wazee wa pande zote mbili husimama wakataja asili yao. Si sharti la dini, ni desturi ya nyumba za zamani, na ni saa tamu sana kwa mtu anayejua kusimulia. Mimi najua kusimulia. Nilisimama nikasema kama alivyosema baba yangu, na kama alivyosema babu yangu Mzee Pazi (jina ambalo baba aliniambia ni la Kiarabu cha kale mno, ambacho siku hizi hakisemwi tena). Nikasema asili yetu ni Wadi Kurdhumi, Arabia, bonde la mitende na visima vitamu, ambako wageni walilala siku tatu bila kuulizwa shida yao. Watu walitikisa vichwa. Nikaketi.

Akasimama Mzee Msabaha. Hakusimulia chochote. Alitoa simu mfukoni, akafungua ramani yenu, akaonyesha nukta nyekundu imeandikwa Shabrumi, akasema, "Kwetu ndiyo hapo." Simu ikazungushwa pamoja na kahawa. Kisha akauliza kwa upole, upole wa kuudhi, kama na sisi tungependa kuiona Wadi Kurdhumi. Wakaitafuta mbele ya wageni wangu, ndani ya nyumba yangu, wakiwa wameshiba biriani yangu. Haikuwemo. Wakajaribu kuiandika kila namna inavyoweza kuandikwa. Haikuwemo. Kioo cha simu kilikuwa cheupe kama kitambaa kisichokatwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na kwa aibu hiyo nikatamka mbele ya watu wote kwamba ndoa haitafungwa mpaka kijiji kionekane.

Nimeshatamka. Mimi nikitamka jambo mbele ya watu huwa sina njia ya kurudi. Kwa hiyo mtaona wenyewe kwamba binti yangu yuko mikononi mwenu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mmeandikisha wasiojulikana mkawaacha wanaojulikana. Naila, ambaye ndiye anayenisomea tovuti yenu kwa kuwa mmeiandika Kiingereza, amenionyesha mahali kadhaa ambapo mmeweka alama ya kuuliza. Hamjui pako wapi. Hamjui walikaa akina nani. Hata jina lenyewe mnasema huenda likasomwa vingine. Lakini pamo! Wadi Kurdhumi inajulikana Bagamoyo nzima. Muuza kahawa wa sokoni anaijua mpaka idadi ya visima, kwa sababu nimemweleza mimi mwenyewe, tena bila yeye kuuliza.

2. Mnaamini mawe kuliko watu. Naila anasema majina yenu mengi mmeyatoa kwenye mawe yaliyochorwa na watu wa zamani sana, kabla ya Uislamu. Nikamwambia anisomee moja. Akanisomea kwamba fulani mtoto wa fulani alichunga ngamia mahali fulani. Nikamwuliza, halafu? Akasema basi, imeishia hapo. Waheshimiwa, mtu amechunga ngamia, amechoshwa na jua, amekwaruza jiwe la watu, na mahali hapo pakaingia kwenye hazina yenu. Wazee wangu hawakukwaruza mawe. Walilelewa. Hivi sasa mnawaadhibu kwa sababu ya malezi yao mema.

3. Hamna dirisha la kuhudumia wananchi. Nimemwuliza Naila ofisi yenu ya wilaya iko wapi, akasema hakuna. Ya mkoa, hakuna. Hata hivyo sikutaka kuja mikono mitupu, nikafuata utaratibu wote wa nchi hii. Naambatanisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu alikataa mwanzoni, akasema Arabia haimo kwenye mtaa wake. Nikamfahamisha kuwa mimi nimo kwenye mtaa wake na kijiji kimo ndani yangu. Akaugonga mhuri kwa nguvu kuliko inavyohitajika, akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Naambatanisha pia picha zangu za paspoti, kwa kuwa kijiji chenyewe hakina picha, pamoja na ushahidi wa jirani yangu Oscar, fundi pikipiki. Oscar ni Mkristo kutoka bara, hana undugu na sisi, hivyo hawezi kutupendelea. Ameandika kwa mkono wake kwamba amesikia habari za Wadi Kurdhumi kupitia ukutani kila jioni tangu ahamie, na kwamba angeomba suala hili limalizike mapema. Mnaona hata watu wa mbali linavyowagusa.

4. Kama tatizo ni jiwe, jiwe litapatikana. Nimekwenda kwa fundi Methodius, mchonga mawe ya makaburi, mtu mwenye mkono safi sana. Aliniuliza marehemu ni nani. Nikamwambia si marehemu, ni kijiji. Akanipa pole hata hivyo. Tumekubaliana achonge jina peke yake, bila msalaba, halafu jiwe nilifukie uani kwangu masika yote lipate uzee. Naila anasema huko ni kughushi. Mimi naona ni kuwapunguzia kazi. Nijulisheni tu mnapenda herufi za ukubwa gani.

Hapa nitoke kidogo nje ya hesabu niwaambie hali ya nyumbani, maana ninyi mnakaa na mawe na huenda mkasahau. Naila amekonda. Haongei nami ila tunapotazama tovuti yenu, na hata hapo anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa ya minyoo. Jana alifunga simu akaniambia, "Baba, mimi naolewa na Abdulnasir, siolewi na ramani." Kisha akaingia chumbani. Nilibaki sebuleni na cherehani yangu, na nguo ya harusi ya huyo Abdulnasir imelala pale mezani haina mikono, kwa sababu nimeapa sitaishonea mikono mpaka mtakapojibu. Inaniuma. Ni kanzu nzuri sana ile, na Naila ndiye mtoto pekee niliye naye.

5. Nafasi ipo, ni ubahili tu. Kusini mwa ramani yenu kuna eneo kubwa mno ambalo halina nukta hata moja. Naila anasema panaitwa Robo Tupu, ni mchanga mtupu. Waheshimiwa, nimewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kata, na nimeona watu wakishikana mashati kwa ajili ya kipande kisichotosha kuanika mpunga. Hapo kwenu hakuna jirani, hakuna mnazi wa mtu, hakuna mgogoro wa mpaka. Tieni Wadi Kurdhumi katikati. Kama mnaona vibaya kuhusu ile mitende, waambieni wanaouliza kwamba imekauka. Mkitaka kuweka alama ya kuuliza nitaistahimili, mradi iwe ndogo na iwe mbali kidogo na jina.

6. Kama yote hayo hayawezekani, basi iondoeni Shabrumi.

Nimelifikiria ombi hili kwa muda mrefu na naliona ni la haki. Siombi ifutwe moja kwa moja, sina roho hiyo. Naomba ipotee kwa muda, namna umeme unavyopotea huku kwetu, bila maelezo, kisha irudi baada ya harusi. Hakuna atakayewauliza. Mzee Msabaha akiifungua simu yake mbele ya watu akaikosa, atajua na yeye jinsi mtu anavyojisikia akisimama na babu zake wote nyuma yake halafu pasiwe na mahali pa kuwaweka. Hapo tutakuwa sawa, tutakumbatiana, na vijana wataoana. Mtakuwa mmejenga nyumba ya watu kwa kufuta nukta moja.

Natumaini mmeelewa kuwa siombi upendeleo. Naomba mambo ya kweli yaandikwe kama yalivyo, maana hazina isiyosema kweli ni hasara kwa vizazi vijavyo, na mimi ni mtu ninayeichukia sana habari ya kutunga.

Nisalimieni wote hapo kazini: wachora ramani, wasoma mawe, anayewasha mitambo asubuhi, na jamaa wa yule mchunga ngamia, kama wapo waliobaki. Waambieni sina kinyongo nao.

Wenu katika ujenzi wa ramani,

Abdulwahab bin Abdullatif
(wa Wadi Kurdhumi)

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (kwa taarifa).
Oscar, fundi pikipiki (kwa faraja).
Mzee Msabaha, Pangani (aisome kwa sauti, mbele ya watu).

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea shangazi yangu, Bi Kibibi, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilitaka anisahihishe pale penye visima. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akaomba maji, akanywa, akacheka tena.

Anasema babu yangu Mzee Pazi alizaliwa Mkange, kijiji cha huku huku kwetu, akakulia Mkange, na hakupata kupanda chombo chochote cha baharini kwa sababu alikuwa akiogopa maji. Alikuja mjini kuuza muhogo, akamwona bibi yangu Mwanamvua mlangoni kwao, akampenda hapo hapo. Baba yake bibi akasema hawezi kumwoza binti yake mtu ambaye asili yake ni njia ya shambani. Babu akaondoka. Kesho yake akarudi amevaa kanzu ya kuazima, na ana Wadi Kurdhumi. Shangazi anasema bibi alijua tangu siku ile ile, kwa kuwa jina alilitunga babu, lakini mitende na visima aliviongeza bibi mwenyewe, kupitia dirishani.

Nikamwuliza shangazi mbona miaka yote hii hakusema. Akanijibu kwamba nilikuwa naisimulia vizuri. Nikamwuliza, na Shabrumi je? Akasema ya Pangani hayajui, ila anashuku.

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Kijiji kile kilitungwa usiku mmoja ili watu wawili waoane, na mimi nimekitumia kuwazuia watu wawili wasioane. Babu angenichapa. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayaondoa, hasa lile la kuchukia habari ya kutunga. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa mhuri umeshagongwa. Fundi Methodius nimemwambia aache.

Mikono ya kanzu nimeishona. Mzee Msabaha nimempigia simu mwenyewe, nikamwambia ndoa ni Ijumaa baada ya swala, na akitaka kuniuliza tena mbele ya watu kwetu ni wapi, aulize tu. Nitasimama nimjibu kwamba ni Mkange, na basi la huko lipo kila siku, akipenda kwenda kupaona.