Risala Iliyohamia kwa Renatha

Jumatatu, 7 Juni 1999
Habari njema! Ijumaa mgeni rasmi anazindua ghala la kahawa hapa Ihanda. Mzee Placidius, katibu wa chama chetu cha wakulima, ametaka mimi na karani mwenzangu Renatha tuandike risala, kila mtu ya kwake. Itakayopendeza ndiyo itasomwa, na mwandishi wake anakwenda Bukoba kozi ya kompyuta, wiki mbili. Yaani mimi. Nimeshaaga kijiji kizima. Jirani yetu Karekezi ameniazima sanduku. Mke wangu Kokubanza ameuliza kama nimeandika hata mstari mmoja. Mwanamke huyu hana imani!

Jumanne, 8 Juni
Kompyuta ya ofisi ni moja, ila fundi Egbert aliiwekea mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Linux. Ukiiwasha, unachagua. Renatha anajua Windows tu. Linux ni yangu, pamoja na karatasi ya amri aliyoniachia Egbert. Utamu wenyewe ni huu: nikiwa kwangu, naona mafaili yake yote. Yeye akiwa kwake, kwangu haoni chochote. Leo nimeisoma risala yake. Nzuri! Sikumaliza hata ndizi zangu za mchana.

Jumatano, 9 Juni
Yangu tayari. Kurasa nne! Mheshimiwa atatokwa machozi. Katikati nimechomeka pongezi za pekee kwa ndugu Anatory, mchapakazi asiyechoka. Si uongo, najijua. Renatha ameniuliza kwa upole nimefikia wapi. Nimemwambia bado natafakari. Maskini, nusura nimwonee huruma.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa. Printa haichapi upande wangu. Inaisikia Windows tu! Nimetafuna punje za kahawa mpaka akili ikaja. Risala yangu naipeleka kwake, kwa jina lilelile la faili lake. Yake inafutika, yangu inakaa mahali pake. Karatasi ya Egbert ina amri mbili, ya kunakili na ya kuhamisha. Nimehamisha, kwangu kusibaki ushahidi. Nikasema sasa nichape. Mzee akazima jenereta, eti mafuta ni ya kesho. Haidhuru. Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko ofisini, nachapa, nafuta. Renatha akija akute patupu!

Ijumaa, 11 Juni
Pancha. Nimesukuma baiskeli njia nzima, nikafika saa mbili. Kumbe Renatha alikuja alfajiri kwenye pikapu ya Mzee, akafungua faili lake, akachapa. Nikakimbilia kompyuta. Kimya. Jenereta imepelekwa uwanjani, kwenye spika. Mzee akanidai risala. Nikasema imo kwenye kompyuta. Akasema basi ikae humohumo.

Renatha akasimama na kusoma. Yangu! Neno kwa neno! Mheshimiwa akatoa leso. Vigelegele. Amebadilisha sentensi moja tu: pongezi za pekee zimekwenda kwa dada Renatha, mchapakazi asiyechoka. Nikaruka juu kupinga. Mzee akauliza, mbele ya watu wote, nina neno gani. Ningesema nini? Kwamba niliingia kwenye faili la mwenzangu nikalifuta? Nikasema nashukuru sana, nikaketi.

Jumapili, 13 Juni
Renatha anaondoka kesho. Karekezi amekuja kuchukua sanduku lake, akampelekea yeye. Kokubanza amecheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya ibada Renatha amenishukuru pembeni. Amesema hakujua kaka Anatory ana moyo wa kumwachia mwenzake kazi nzuri namna ile. Nimemjibu asijali. Hajashtuka hata kidogo, huyu!

Mzee ametangaza kozi nyingine, Desemba. Atakayeandika risala nzuri ya kumpokea Renatha ndiye atakwenda. Safi kabisa! Wiki mbili kompyuta ni yangu peke yangu. Nitaandika kurasa sita. Na safari hii sihangaiki na kuhamisha. Naiandika kulekule kwake, katikati ya mafaili yake, kwa jina lake. Nani atafikiria kuitafuta huko?

Sanduku lingine nimeshaazima.