Zawadi ya Mwalimu Rael Iliponasa Kidole Changu

Leo nimeaibika kanisani. Si kule nyuma kwenye viti vya wachelewaji. Mbele kabisa, karibu na maikrofoni.

Kosa lenyewe nililifanya mapema, hata kabla ya chai: nilifungua zawadi ambayo nilikuwa nimeshaifunga. Mengine yote yametoka hapo.

Nianze na mwenye zawadi. Mwalimu Rael ametufundisha shule ya Jumapili vijana karibu wote wa kanisa letu, hapa upande wa Kabianga. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye matope akishuka na kikapu cha majani chai, akavunjika mkono wa kulia. Plasta ilitolewa lakini vidole vikabaki vigumu. Hospitalini walimwambia avichezeshe kila siku. Yeye akaona heri aache kufundisha, kwa sababu chaki inamtoka mkononi mbele ya watoto. Leo ndiyo tulikuwa tunamuaga.

Vijana walitaka kumnunulia blanketi. Ni mimi niliyesimama kwenye mkutano nikasema blanketi halichezeshi vidole. Nikawaeleza juu ya mafumbo ya chuma, vile vipande vilivyoshikana ambavyo unavigeuza na kuvizungusha mpaka viachane. (Hakuna aliyeniuliza. Haya mambo nimejifunza mwenyewe kwa video, na mtu aliyejifunza mwenyewe huwa hangoji kuulizwa.) Chepkoech, mwenyekiti wetu wa vijana, akanijibu:

"Sawa, Kibet. Lakini Mwalimu akikosa kufurahi, ni wewe."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Fumbo la kwanza nilinunua sokoni kwa sababu linang'aa. Nilimwonyesha Mama. Akalivuta mara moja, likafunguka, akaniuliza kama amelivunja. Nikaliweka dirishani, mvua ya jioni ikalirukia, asubuhi likawa na kutu. Hapo nikajiwekea sheria: fumbo zuri halifunguki kwa nguvu. Likifunguka kwa kuvutwa, hilo ni waya tu.

Nikahamia duka moja mjini Kericho. Nililisumbua hilo duka. Nilitikisa kila fumbo karibu na sikio nisikie kama linalegea. Nilipitisha pamba kwenye kingo zote, kwa sababu pamba ikinasa, ujue kuna ncha, na ncha itamkwaruza Mwalimu. Niliyapima kwa kiganja. Niliyakataa karibu yote, vile karani wa kituo cha kupima majani anavyokataa kikapu cha mtu huku mtu mwenyewe amesimama hapo. Mwenye duka alifika mahali akiniona naingia, anakaa chini.

Mwishowe nikalipata. Vipande viwili vya chuma cha pua, vinene, kama herufi U mbili zilizoingiliana. Katikati kuna tundu. Ukivizungusha hivi, tundu linapanuka. Ukivizungusha vile, linabana. Kingo zake hazina ncha, chuma hakina rangi ya kubanduka, na ukivuta hata na trekta vipande haviachii. Nilitoka dukani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Basi leo asubuhi. Zawadi imefungwa, utepe uko juu, mimi nimevaa shati jeupe. Nikakumbuka kwamba sikupitisha pamba ndani ya tundu.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini nikaona ncha ile ambayo labda haipo, na kidole cha Mwalimu, na Chepkoech akisema "ni wewe". Nikachukua mkasi.

Pamba haikufika ndani vizuri. Kwa hivyo nikatumia kidole cha shahada, cha mkono wa kulia. Ndani palikuwa laini kabisa. Nikafurahi. Katika kufurahi nikazungusha kidogo, likalia ka! na tundu likabana, kidole kikiwa ndani.

Unajua ni fumbo lililotengenezwa vizuri kwa sababu halikuniumiza. Lilinishika tu, kwa heshima, na likakataa kuniachia. Njia ya kulifungua naijua, lakini inataka mikono miwili, na mmoja wa mikono yangu ulikuwa mahabusu. Nikajaribu sabuni. Nikajaribu mafuta ya kupikia. Nikajaribu kuvuta, mimi mwenyewe, mwenye sheria.

Mama akaingia na chai. Akaniangalia, akaangalia mkono.

"Si uende kwa yule fundi wa kuchomelea, akukatie."

"Mama, akikata, Mwalimu atapewa nini?"

Akafikiria. "Basi atapewa wewe," akasema, akatoka.

Nilikuwa na mpango. (Mimi huwa na mpango kila mara, hapo ndipo shida iko.) Kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya watu. Mtu anapokea, anashukuru, anaenda kufungulia nyumbani. Kwa hivyo ningepeleka boksi, halafu wakati wa mahubiri nijikomboe polepole, na jioni nipeleke fumbo kwa Mwalimu na maelezo mazuri. Boksi lilikuwa jepesi mno, basi nikatia ndani kitu cha uzito. Kilichokuwa karibu ni kile kipande cha sabuni. Nikafunga tena kwa mkono wa kushoto. Ule utepe usingeupenda.

Kanisani mkono ulikaa mfukoni. Salamu za mlangoni nilizikwepa kwa kujifanya nimebeba Biblia nzito. Kisha zikaja nyimbo, na kwetu mtu asiyepiga makofi anaombewa. Nikapiga. Kila kofi, kling. Nikapunguza, kling ndogo. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka, akatabasamu, akidhani nimeleta kile chuma cha kupigia wimbo. Akaniashiria nipige kwa nguvu. Nikapiga. Ningefanya nini? Wimbo ulikuwa mzuri sana, niliambiwa baadaye.

Mahubiri yakaisha na kidole kikiwa palepale.

Chepkoech akamwita Mwalimu Rael mbele. Alikuja na leso mabegani, mkono wa kulia ukiwa umefichwa ndani yake, kama alivyozoea siku hizi. Nami mkono wa kulia mfukoni. Tulisimama pale kama watu wawili waliosikia baridi upande mmoja. Ikabidi nimkabidhi boksi kwa mkono wa kushoto, mbele ya wazee wote wa kanisa. Nilisikia viti vikikohoa.

Mwalimu alipokea na wake wa kushoto pia. Ningekuwa nimepona hapo, kama mdomo wangu haungekuwa umetangaza hilo fumbo kwa mwezi mzima.

"Mwalimu," Chepkoech akasema kwenye maikrofoni, "hii ni lazima ifunguliwe hapa. Kibet atatuonyesha vile inafanya kazi."

Nikasema si lazima. Kanisa likasema ni lazima. Chepkoech akamfungulia Mwalimu karatasi, akafungua boksi, akatoa sabuni. Imetumika nusu. Ilikuwa bado na povu.

Mabati tu yalikuwa yakilia juu.

Mwalimu Rael aliinusa sabuni. Kisha akaniangalia kwa yale macho yake ya darasani. "Kibet. Unanionaje?"

Sikuwa na mpango mwingine. Nilitoa mkono mfukoni, nikauinua juu kanisa lote lione, na chuma kikaning'inia hapo kama kengele ya ng'ombe.

"Zawadi ni hii, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa naangalia kama ni salama."

Sitaeleza kicheko. Pasta mwenyewe alishika mimbari.

Ibada ikaisha. Kwetu baada ya ibada tunatoka tukipanga mstari nje, na kila mtu anapita akimsalimia kila mtu kwa mkono, mpaka wa mwisho amemfikia wa kwanza. Mwalimu Rael amekuwa akikwepa huo mstari tangu aumie, kwa sababu watu wetu husalimia kama wanakamua ng'ombe. Hukaa kwenye benchi la barazani. Leo nilikaa naye. Chepkoech akaja na mafuta na kisu.

"Peleka hiyo kisu jikoni," Mwalimu akasema. "Hii ni yangu. Nitaifungua mwenyewe."

Akauweka mkono wangu kwenye magoti yake kama kazi ya kufuma, akatoa mkono wa kulia ndani ya leso, akaanza.

Leo mstari ukatufuata hapo barazani, watu wakapita. Wote. Kila aliyefika kwetu alikosa mkono wa kusalimia, basi akagusa fumbo na kusema "Chamgei", na fumbo likapokea salamu za kanisa zima. Vidole vya Mwalimu viliteleza, vikarudi, vikateleza. Nami nikamwelekeza. Zungusha kushoto. Hapana, kidogo. Inua kwanza. Usivute, Mwalimu, fumbo zuri halivutwi.

"Nilikufundisha kusoma," akasema bila kuinua macho. "Sasa nyamaza."

Nikanyamaza. Ni hapo niligundua kwamba kidole nilikuwa nimekikaza kama mti tangu asubuhi. Mama akafika na mstari, akamsalimia Mwalimu, akamwambia nilizaliwa hivihivi, ilibidi wanivute. Nikacheka, sikupenda lakini nikacheka, na kidole kikalegea. Mwalimu akazungusha. Ka!

Chuma kilikuwa mkononi mwake, mkono wa kulia, na vidole vyote vitano vimekifumbata. Alikiangalia, kisha akaviangalia vidole.

Halafu akavirudisha vipande kama vilivyokuwa, ka! akavifungua tena. "Chepkoech," akaita, "hiyo chaki yangu mlipeana kwa nani?"

Chepkoech akasema bado haijapeanwa.

"Basi ngoja kidogo."

Nilijaribu kumwonyesha njia fupi zaidi ya kulifungua. Aliniambia niende nikanywe chai.

Sasa niko nyumbani. Mnaweza kucheka, lakini chekeni polepole, Mama anaanza kucheka upya kila akiona sabuni. Fumbo liko kwa Mwalimu Rael, kidole kiko kwangu, na mkasi wa nyumba hii tangu leo unakaa chumbani kwa Mama.